Telecaster, Les Paul na amplifaya mbili za valvu: jozi ipi inafaa kumbi za Dodoma

Wapiga gitaa wengi wa Dodoma wanapopata fedha za kununulia vyombo hulipia gitaa kwanza, wakachagua rangi, mbao na jina lililoandikwa kichwani mwake, halafu sauti yenyewe wakaiachia amplifaya yoyote itakayokutwa ukumbini, mara nyingi ile ile inayobeba kinanda na vipaza sauti vya waimbaji. Naandika tathmini hii kwa sababu naamini utaratibu huo unawanyima sauti waliyoilipia. Gitaa la umeme halina tumbo la kuvumisha nyuzi zake. Kinachotoka kwenye pikapu, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi, ni umeme mdogo sana, na sauti tunayoisikia hutengenezwa na amplifaya pamoja na spika. Ndiyo maana sikupima gitaa peke yake wala amplifaya peke yake. Nimepima jozi nne zinazopatikana kwa kukutanisha magitaa mawili, Fender Telecaster na Epiphone Les Paul Standard, na amplifaya mbili za valvu (zile taa za kioo zinazokuza umeme wa gitaa) zinazofuata michoro ya miaka ya 1950 na 1960, Fender '65 Deluxe Reverb na Vox AC15C1.

Muziki niliopimia ni dansi, kwa kuwa ndio unaodai zaidi kutoka kwa vyombo hivi. Katika dansi magitaa mawili au matatu hupigwa kwa wakati mmoja: solo likiimba juu, ridhimu likishikilia katikati, na pengine solo la pili likijibu kati yao, huku besi likitembea chini ya wote. Mtu aliyelelewa kwa rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam anajua kwamba katika rekodi zile kila gitaa lina mahali pake, na anaposikiliza solo la Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz anaweza kuhesabu noti moja moja hata bendi nzima ikiwa imechemka. Swali langu lilikuwa hilo hilo kwa kila jozi: je, gitaa hili kupitia amplifaya hii linapata mahali pake bila kuvamia pa mwenzake? Nililiuliza katika chumba cha mazoezi Makole, katika ukumbi wa sherehe wa Nkuhungu wenye sakafu ya marumaru, na katika baa ya wazi ya Area C wakati wa upepo wa kipupwe, ambao kila mwenyeji wa Dodoma anajua jinsi unavyobeba sauti na kuipeleka usikokusudia.

Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa solo, Telecaster na Deluxe Reverb. Kwa ridhimu na solo la pili, Les Paul na AC15. Jozi mbili zilizobaki zinafanya kazi, lakini kila moja inamtaka mpigaji apigane na vyombo vyake, na katika onyesho la usiku kucha vita hivyo huchosha.

Deluxe Reverb ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963 katika kampuni ya Leo Fender huko California. Toleo la sasa limekuwa likitengenezwa tangu 1993, likiwa na valvu mbili za 6V6 zinazotoa wati 22 kwenye spika moja ya Jensen ya inchi 12, mwangwi wa springi, na valvu ya GZ34 inayogeuza umeme wa mkondo geu kuwa wa mkondo mnyoofu. AC15 ni mtoto wa Uingereza: Dick Denney aliichora kwa ajili ya kampuni ya Jennings, nayo ikaingia sokoni mwaka 1958 kwa jina la Vox. AC15C1 ya leo inatumia valvu mbili za EL84 kwa wati 15 na spika ya Celestion ya aina ya Greenback, nayo pia ya inchi 12. Kwa masikio, tofauti kati ya wati 15 na wati 22 ni ndogo kuliko namba zinavyodokeza, kwa sababu haifiki desibeli mbili. Tofauti kubwa iko katika jinsi mzunguko wa umeme wa kila amplifaya unavyoishughulikia sauti ya gitaa.

Valvu inapofikia ukomo wake haikati mawimbi ya sauti kwa ghafla. Huyabana kidogo kidogo, ikiongeza sauti nyingine juu ya ile ya msingi, na kiasi cha nyongeza hiyo hutegemea nguvu ya vidole. Mpigaji akigusa uzi taratibu anapata noti safi. Akiukaza anapata noti yenye mkwaruzo mwembamba pembezoni. Sisi wa mkoa huu hatuna haja ya kufundishwa kuupenda mkwaruzo huo. Mgogo anayetengeneza ilimba, ala ya fito za chuma juu ya sanduku, hutoboa tundu katika sanduku lake na kulifunika kwa utando wa buibui ili kila ufito unapopigwa utando utetemeke na kuongeza mvumo juu ya noti, na mpiga ilimba Hukwe Zawose aliifikisha sauti hiyo kwenye majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 2003. Valvu nzuri inafanya kazi ya utando ule: noti inabaki noti, lakini inapata ngozi.

Sasa nije kwenye jozi zenyewe, nikianza na ile iliyonivutia kuliko zote. Telecaster ni gitaa la mwanzoni mwa miaka ya 1950, lenye pikapu mbili za koili moja moja na swichi ya nafasi tatu. Pikapu ya koili moja husikia sauti za juu kwa uwazi mkubwa na haina uzito mwingi katikati. Deluxe Reverb nayo, kwa mpango wa mzunguko wake, hupunguza sauti za kati na kuziacha za juu na za chini zisimame mbele. Haina hata kitufe cha sauti za kati, kwa kuwa mahali pake pamewekwa rezista moja isiyobadilika. Kwa nadharia, gitaa jembamba na amplifaya iliyochimbwa katikati vingetoa sauti kavu na kali. Lakini ndani ya bendi ukavu huo ndio unaohitajika. Ridhimu, sauti za waimbaji na tarumbeta vyote vimejaa katikati, na solo la Telecaster kupitia Deluxe Reverb linapita juu yao bila kulazimika kupaza sauti. Noti za uzi wa kwanza na wa pili zinatoka zikiwa zimetengana, na mpigaji anapocheza noti mbili kwa pamoja, kama ilivyo desturi ya solo letu, masikio yanazipata zote mbili. Nafasi ya katikati ya swichi, inayounganisha pikapu zote mbili, ndiyo niliyoirudia zaidi: inapunguza ukali wa pikapu ya karibu na daraja na bado inabakiza mng'ao.

Mpangilio nilioupenda ni sauti kwenye 4, trebo 5, besi 4 na mwangwi 2, gitaa likichomekwa kwenye tundu la kwanza la chaneli ya vibrato, moja ya njia mbili za kuingizia gitaa. Hapo amplifaya bado ni safi, lakini iko karibu sana na mpaka, kiasi kwamba mkono wa kulia unaweza kuuvuka kwa kukusudia. Mpigaji akipandisha hadi 6 anapata mkwaruzo wa wazi, na ile valvu ya GZ34 inaanza kulegea kidogo kila noti nzito inapopigwa, hivyo mwanzo wa noti unazama kisha unavimba. Kwa dansi hali hiyo imezidi. Kwa nyimbo za injili zinazotaka solo la kulia katikati ya kiitikio, inafaa sana.

Kuna jambo kuhusu chaneli zake mbili ambalo mpigaji wa kumbi zetu hana budi kulielewa. Chaneli ya vibrato ina kapasita ndogo ya pikofaradi 47 juu ya kitufe cha sauti, na kazi yake ni kuruhusu sauti za juu zipite zaidi. Sauti ikiwa chini, kapasita hiyo inafanya kazi kwa nguvu; kadiri kitufe kinavyopandishwa, athari yake inapungua. Kwa hiyo anayejaribu amplifaya hii dukani au nyumbani kwa sauti ndogo ataisikia ikiwa kali kuliko itakavyokuwa ukumbini. Chaneli ya kawaida haina kapasita hiyo, na katika toleo hili haina mwangwi pia. Katika ukumbi wa Nkuhungu, ambako sauti za juu zinagonga marumaru na vioo na kurudi zikiwa zimeongezeka, niliihamishia Telecaster kwenye chaneli ya kawaida na matokeo yakawa bora mara moja. Mwangwi wa springi haukukosekana, kwa sababu ukumbi wenyewe ulikuwa nao wa kutosha na wa kubakiza. Katika baa ya wazi ya Area C mambo yaligeuka: hakuna ukuta wa kurudisha sauti, upepo unachukua trebo yote, na chaneli ya vibrato ikiwa na mwangwi kwenye 3 ndiyo iliyoliwezesha solo kufika meza za mbali. Amplifaya inayoweza kuhudumia mahali pawili vilivyo kinyume namna hiyo, kwa kuhamisha waya tu kutoka tundu moja kwenda jingine, inastahili heshima.

Les Paul kupitia Deluxe Reverb ni habari fupi zaidi. Pikapu za koili mbili, ambazo Seth Lover alizibuni akiwa Gibson mwaka 1955 ili kuua mvumo wa umeme, zina nguvu zaidi na zimejaa katikati na chini. Zinaisukuma Deluxe Reverb kwenye mkwaruzo mapema, na besi ikiachwa kwenye 4 kama nilivyoiweka kwa Telecaster, nyuzi nene zinapoteza umbo na makodi ya ridhimu yanakuwa mvumo mmoja. Niliishusha besi hadi 2 na kuchomeka gitaa kwenye tundu la pili, ambalo hupunguza nguvu inayoingia kwa desibeli 6. Baada ya hapo sauti ikawa safi na nzuri, lakini pikapu ya karibu na shingo ilibaki nzito kupita kiasi kwa ridhimu ya haraka. Anayepiga bluzi au nyimbo za kuabudu za taratibu huenda akaupenda uzito huo. Kwa dansi, ridhimu la namna hiyo linakalia mahali pa besi, na mpiga besi ndiye anayelipa.

AC15C1 ina tabia nyingine kabisa. Mzunguko wake wa nguvu hauna ule utaratibu wa kurudisha sehemu ya sauti nyuma ili kuinyoosha, ambao Fender wanautumia, na kwa hiyo sauti za kati na za juu zinatoka zikiwa huru zaidi, zenye mlio wa kengele ambao watu wengi wanaihusisha Vox nao. Inaanza kubana sauti mapema, tena polepole, na mpaka kati ya usafi na mkwaruzo haukamatiki kwa urahisi kwa sikio. Ina chaneli mbili: ya kawaida, yenye kitufe cha sauti peke yake, na ya Top Boost, yenye sauti, trebo na besi. Baada ya chaneli hizo kuna kitufe kikuu cha sauti na kitufe kinachoitwa Tone Cut, ambacho kinahitaji maelezo kwa sababu kinafanya kazi kinyume na wengi wanavyotarajia: kukipandisha ni kupunguza sauti za juu. Vitufe vya trebo na besi vya Top Boost navyo vinategemeana. Vikipandishwa vyote viwili, sauti za kati zinazama. Vikishushwa vyote viwili, za kati zinajaa. Kwa mpigaji asiyekuwa na kitufe cha sauti za kati, hiyo ndiyo njia ya kuzipata.

Telecaster kupitia Top Boost ni kali mno kwa kumbi zetu. Katika chumba cha Makole, chenye zulia na magodoro ukutani, ilisikika kwa kupendeza, hasa pikapu ya karibu na shingo. Lakini ilipofika kwenye marumaru, pikapu ya karibu na daraja iliumiza masikio hata Tone Cut ikiwa imepita nusu. Chaneli ya kawaida iliitendea vizuri zaidi, kwa kuipa Telecaster mwili ambao Deluxe Reverb haiipi. Mpigaji anayelazimika kuwa na jozi hii ataishi nayo vizuri kwenye chaneli ya kawaida, Tone Cut ikiwa katikati, na waya mrefu kidogo. Nasema waya mrefu kwa makusudi: waya wa gitaa hubeba takribani pikofaradi 100 kwa kila mita, na mita sita au saba za waya hupunguza makali ya juu kabla hayajafika kwenye amplifaya.

Les Paul kupitia AC15 ndiyo jozi niliyotamani kila mpiga ridhimu wa mji huu aisikie angalau mara moja. Gitaa lina katikati nzito na juu pachache; amplifaya ina juu pengi na katikati iliyo wazi; vinapokutana hakuna kinachozidi. Niliweka sauti ya Top Boost kwenye 4, trebo 5, besi 3, Tone Cut chini kabisa, na nguvu ya ukumbini nikaitoa kwenye kitufe kikuu. Makodi ya nyuzi tatu juu ya shingo, yanayokatwa kwa kiganja kila pigo, yalisimama moja moja bila kukauka. Shingo ya Les Paul ina urefu wa uzi wa takribani milimita 628 dhidi ya 648 za Telecaster, kwa hiyo nyuzi zake ni laini kidogo kwa vidole kwa unene ule ule, na mpiga ridhimu anayekesha atauona unafuu huo kabla ya saa nane za usiku. Solo la pili lilipata jambo la ziada: AC15 inabana noti nzito na kuinua nyepesi, hivyo mapigo ya noti moja moja yanayojibu solo la kwanza yanakuwa sawa kwa ukubwa bila kutumia kifaa kingine chochote. Jozi hii ikisimama kushoto na ile ya Telecaster na Deluxe Reverb kulia, magitaa mawili yanaweza kupiga katika eneo lile lile la shingo na bado msikilizaji akajua nani ni nani.

Upungufu wa AC15 katika kazi hii ni ukomo wake wa usafi. Ukiwa na ngoma kamili na tarumbeta mbili, wati 15 hazitoshi kwa sauti safi kabisa, na mpigaji atajikuta ndani ya mkwaruzo asioutaka. Dawa ni kipaza sauti mbele ya spika, na Shure SM57 ya kawaida inatosha, ili mitambo ya ukumbi ifanye kazi ya ukubwa na amplifaya ibaki na kazi ya sauti. Ninawasihi mafundi mitambo wa kumbi zetu waukubali utaratibu huu badala ya kumtaka mpiga gitaa achomeke moja kwa moja kwenye mikisa, kwa sababu kufanya hivyo kunaondoa nusu nzima ya ala yake.

Kuhusu mvumo wa umeme, Telecaster itavuma, na haina budi kuvuma, kwa kuwa koili moja hunasa sumaku za transfoma na nyaya zilizo karibu, ilhali koili mbili za Les Paul hufutana. Mpigaji asogee mbali na transfoma ya amplifaya na ageuze mwili wake hadi mvumo upungue. Daima kuna upande ambao unapungua. Nafasi ya katikati ya swichi husaidia katika Telecaster ambazo pikapu zake zimezungushwa kinyume, lakini si zote.

Suala zito zaidi kwa mnunuzi wa hapa ni umeme wa ukutani. Umeme wetu ni volti 230 kwa mzunguko wa hezi 50. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inatarajia volti 120 na hezi 60, na ikichomekwa ukutani hapa bila matayarisho itaungua. Wanaoagiza vyombo vilivyotumika kutoka kwa ndugu walioko Marekani wasome kwanza maandishi ya nyuma ya amplifaya. Transfoma ya kushusha umeme inaweza kutumika, mradi uwezo wake uwe karibu mara mbili ya mahitaji ya amplifaya, lakini haibadilishi hezi, na transfoma ya ndani iliyochorwa kwa hezi 60 pekee hupata joto zaidi ikiendeshwa kwa 50. Toleo la volti 230, lililotengenezwa kwa soko la Ulaya, ni chaguo salama zaidi hata likiwa na bei kubwa kidogo.

Hata kwa toleo sahihi, umeme unaopanda na kushuka unaziumiza valvu kwa njia mbili. Waya wa joto ulio ndani ya valvu hizi, ukiiacha GZ34, unataka volti 6.3, umeme ukishuka sana unapoa na valvu inachakaa bila kutoa sauti yake, na ukipanda, sahani za ndani zinabeba joto kuliko zilivyokusudiwa. Stabilaiza ni ya lazima, na ninapendekeza ile ya mota kuliko ile ya rilei, kwa sababu rilei hurekebisha kwa hatua na kila hatua inaweza kusikika kwenye spika. Jenereta dogo la ukumbini, ambalo hubadilika mwendo kila friji inapowaka, lisiunganishwe na amplifaya ya valvu bila stabilaiza.

Hapa AC15 inapata alama ambazo Deluxe Reverb haizipati. Valvu zake za EL84 zinajipangia zenyewe kiasi cha mkondo, kwa hiyo zikichakaa mwenyewe anaweza kutoa jozi ya zamani na kuchomeka mpya zinazolingana, chombo kikiwa kimezimwa na kupoa. Deluxe Reverb inataka fundi apime na kurekebisha mkondo wa 6V6 kila zinapobadilishwa, na ndani yake kuna zaidi ya volti 400 ambazo kapasita huendelea kuzihifadhi hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Mafundi redio wa umri mkubwa, waliozoea redio za valvu, bado wanaifahamu kazi hiyo. Vijana wengi waliojifunzia simu na televisheni za kisasa hawajawahi kukutana na volti hizo, na si haki kuwakabidhi bila kuwaeleza hatari. Kwa upande mwingine, EL84 za AC15 huendeshwa kwa joto kubwa na hazidumu kama 6V6, kwa hiyo urahisi wa kubadilisha unakuja na ulazima wa kubadilisha mara nyingi zaidi.

Vumbi la Dodoma nalo lina sehemu yake. Linaingia kwenye vitufe, kwenye matundu ya waya na kwenye soketi za valvu, na dalili yake ya kwanza ni kukatakata kwa sauti kitufe kinapozungushwa. Kifuniko cha kitambaa kizito kila baada ya kazi, na dawa ya kusafishia viunganishi, vinatosha. Ukavu wa miezi ya kati ya mwaka unasinyaza mbao za shingo hadi ncha za freti zinachomoza na kukwaruza mkono. Magitaa yote mawili yalikuwa na dalili hiyo, na fundi mwenye tupa ndogo huimaliza.

Kwa usafirishaji, Deluxe Reverb ina uzito wa takribani kilo 19 na AC15C1 kilo 22. Zote zinaingia kwenye bajaji, lakini zisisafirishwe zikiwa za moto, kwa kuwa nyaya za joto za ndani ya valvu huvunjika kirahisi kabla hazijapoa, na barabara za pembezoni za Nzuguni na Ihumwa hazina huruma. Fender wametoa tangu 2019 toleo la kidijitali la Deluxe Reverb lisilo na valvu hata moja, lenye takribani nusu ya uzito huo, na kwa bendi inayosafiri kila wiki kati ya Dodoma, Singida na Kondoa sioni aibu kulipendekeza. Sauti yake safi iko karibu mno na ile ya asili. Mahali linapoachwa nyuma ni pale kwenye mpaka wa mkwaruzo, ambapo vidole vinapaswa kuamua, na mpiga solo anayeujali mpaka huo ataitambua tofauti kwa mkono wake hata kama wasikilizaji hawataitambua.

Kwa anayeweza kununua amplifaya moja tu ya kutumia na magitaa yote mawili, ninapendekeza Deluxe Reverb pamoja na mzigo wake wa fundi, kwa sababu dansi linahitaji usafi kwanza, na amplifaya safi inaweza kuchafuliwa kwa pedali ya mguu ya kuongeza mkwaruzo ilhali iliyochafuka mapema haiwezi kusafishwa. Mwenye kupiga zaidi kanisani na kwenye vyumba vya mazoezi, ambako sauti kubwa hairuhusiwi, achukue AC15, ambayo kitufe chake kikuu kinampa mkwaruzo kwa sauti ya kuvumilika. Kwa vyovyote vile, valvu za akiba ziagizwe pamoja na amplifaya, kwa kuwa hazipatikani kwa urahisi katika maduka ya mji huu: kwa Deluxe Reverb, jozi ya 6V6 zilizolinganishwa, GZ34 moja na valvu ndogo za 12AX7 mbili, kwa AC15, jozi mbili za EL84 na 12AX7 moja. Katika mfuko huo huo ziwekwe fyuzi za thamani ile ile iliyoandikwa nyuma ya chombo, na fyuzi ikikatika mara ya pili kwa mfululizo amplifaya izimwe na ipelekwe kwa fundi, isiwekewe fyuzi kubwa zaidi wala kipande cha waya, kwa sababu kinachoungua baada ya hapo ni transfoma.